Darasa la Kaseti

Mimi na imla hatupatani. Naitwa Stara, nilikuwa mhadhiri wa uchumi katika chuo kimoja Dodoma enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na redio kaseti zikajaa madukani. Wenzangu walikuwa wanaingia darasani na makaratasi yaliyogeuka manjano, wanasoma, wanafunzi wanaandika neno kwa neno, basi. Elimu gani hiyo? Nikarekodi mihadhara yangu yote kwenye kaseti. Wanafunzi wakawa wanaisikiliza bwenini, na darasani tuna kazi moja tu, kubishana.

Mkuu wa idara, Profesa Yotham, akaniita.

"Bi Stara, unalipwa kufundisha, siyo kupigisha watu soga. Jumatano nakuja kuona. Wasipojua kitu, unarudi kuwasomea notisi, na kaseti nazichukua."

"Karibu sana," nikamjibu. Moyoni nilikuwa nachemka.

Jumatano akaja, akakaa mbele. Darasa zima likasimama, likamwamkia, likakaa. Kisha kimya. Watu walewale waliokuwa wanakabana koo wiki iliyopita kuhusu bei ya mpunga! Lakini mbele ya mzee, mtoto wa Kigogo aliyelelewa hafungui kinywa, na yule wa Kiislamu wa mjini ndiyo kabisa. Nikauliza swali, macho yote chini. Nikaona kabisa kazi yangu inakwenda na maji.

Profesa akasimama, anatabasamu. "Pumzika, mwalimu. Andikeni: soko huria humnufaisha mkulima, kwa kuwa wanunuzi ni wengi."

Wakashika kalamu. Nilitamani kulia kwa hasira, ila ubaoni sikubanduka.

Raheli, binti wa kutoka Bahi kwa wakulima wa mpunga, akaweka kalamu yake chini. Akasimama, amekunja goti kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba."

"Mimi sikubaliani na hilo."

Akaeleza sababu. Kwao wanunuzi huwa wengi wakati wa mavuno tu. Mvua zikikata barabara anabaki mmoja, na huyo ndiye mpanga bei.

Athuman, mtoto wa mfanyabiashara, akainuka. "Shikamoo, Profesa. Raheli naye simkubali. Lori likikwama, hasara anabeba nani kama si mnunuzi?"

Akasimama wa tatu. "Shikamoo, Profesa." Naye akampinga Athuman.

Profesa akanigeukia. "Umewaharibu watoto wa watu. Hawana adabu kabisa."

"Kila mmoja amekuamkia," nikamwambia. "Na kaseti sikupi. Mjibu Raheli, anakusubiri."

Akanikazia macho. Kisha akamgeukia Raheli, akaanza kubishana naye.