Mayai ya Kinanira

Suud bin Yaseen alifikisha miaka sitini na mmoja bila kuwahi kupika chochote. Hakuwa mvivu. Duka lake la vitenge pale Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, alilifungua mwenyewe kila siku, na marobota aliyabeba mwenyewe mpaka mkono wake wa kushoto ulipomkatalia. Ila jikoni hakuwa na kazi. Alitoka kwa mama yake akaingia kwa mkewe, Mwantum, na baina ya wanawake hao wawili haikupita hata siku moja ya njaa ya kumfundisha.

Mwezi wa saba wa mwaka 2003 Mwantum alipanda meli ya ziwani kwenda Kigoma, kwa kuwa binti yao Nura, aliyeolewa huko, alikuwa amejifungua mtoto wa tatu. Alisema angekaa siku kumi. Siku ya nane mizinga ikaanza kulia upande wa kusini wa Bujumbura, huko Musaga na Kinanira, na bandarini wakasema hakuna meli itakayotoka wala kuingia mpaka watakapotangaza.

Siku zote hizo chakula cha jioni kilimfikia Suud kupitia juu ya ukuta. Alikipika jirani yao, Miza, na sahani ilifunikwa kitambaa safi. Lakini siku hiyo, baada ya alasiri, Miza alichungulia ukutani bila sahani.

"Baba Nura, leo unisamehe. Wamenifikia watu kumi na mmoja kutoka Musaga, wote wa upande wa mume wangu. Sufuria yangu haitoshi hata kwa watoto."

"Usijali, mama. Mimi nitakula mkate."

"Mkate upi? Waokaji wamefunga tangu asubuhi. Shika hizi."

Alimpa fungu la lengalenga, mchicha wa huko, na nyanya tatu, kisha akashuka, maana huko kwake mtoto alikuwa analia. Suud akabaki katikati ya ua na mboga mikononi, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshikie kidogo, mwenyewe asirudi.

Hapo ndipo lango likagongwa, mara tatu, polepole.

"Hodi hapa. Suud, uko?"

Sauti ile aliitambua kabla haijamaliza kulitaja jina lake. Ilikuwa sauti ya Aloys.

Kwa miaka kumi na minne Aloys alikuwa ndiye anayemtolea Suud mizigo bandarini. Alijua karatasi gani inataka muhuri gani, na ofisa yupi wa forodha anataka kusalimiwa kwanza ndipo aombwe. Kutoka kwenye mizigo wakawa marafiki. Aloys alikula Idi kwa Suud, na Suud alikwenda kwa Aloys watoto wake walipopata komunyo ya kwanza, akakaa mbele ya chupa ya Fanta akipiga makofi. Kisha ukaja mwaka 1995, na vita vya kikabila vikaingia mitaani.

Wakati huo Aloys alikuwa akikaa mtaa wa Mutakura. Suud alikwenda huko kwa miguu mchana mmoja, na kabla hajafika vijana wakafunga barabara kwa mawe na magogo. Walipoanza kumkimbiza, alikimbilia mahali pekee alipopajua. Aligonga lango la Aloys kwa mikono miwili, akamwita kwa jina. Siku hiyo ilikuwa na mawingu mazito, na sebuleni taa ilikuwa inawaka. Alipoita mara ya pili, taa ikazimwa. Walimfikia palepale langoni. Fimbo ya chuma ilimpata kwenye kiwiko cha kushoto, akaangukia kwenye mfereji wa maji machafu, nao wakamdhania amekufa. Wanajeshi walimtoa asubuhi.

Hakumsimulia mtu habari ile isipokuwa Mwantum. Tangu siku hiyo hakumpa tena Aloys mizigo, na kila alipomwona sokoni alivuka barabara. Aloys naye hakuja kuuliza. Baadaye Suud alisikia kwamba Aloys amehamia Kinanira, kisha akasikia kwamba mkewe, Marguerite, amefariki. Hakwenda msibani.

"Nani?" aliuliza sasa, ingawa alijua.

"Ni mi, Aloys. Kama hautaki, sema tu. Nitaendelea mpaka kwa kanisa, watu wengi wameenda kule."

Suud alisogea hadi langoni, akashika komeo. Mara ngapi alikuwa ameifikiria siku kama hii! Katika mawazo yake hafungui. Anasimama ndani, karibu kabisa na bati, mpaka yule wa nje asikie anavyopumua. Alikuwa anajua hata angesimama hivyo kwa muda gani. Lakini mzinga ulilia huko milimani, bati likatetemeka chini ya kiganja chake, na mkono ukavuta komeo kabla yeye hajaamua neno. Baadaye alijiuliza kama alifungua kwa wema au kwa kushtuka tu.

Aloys alikuwa amezeeka. Nywele zote nyeupe, koti la kazini juu ya singlendi, na miguuni kandambili mbili za rangi mbalimbali. Wengine walioteremka kutoka Kinanira siku hiyo walibeba magodoro, redio, mbuzi. Yeye alikuwa amekumbatia kindoo kidogo cha plastiki.

"Umebeba nini?"

"Mayai."

"Mayai?"

"Nilikuwa nayatoa kwa kuku, bombe ikaanguka kwa jirani. Nikakimbia. Nimefika karibu na soko ndio nikaona niko nashika kindoo." Alikiinamisha ili Suud aone. Ndani ya pumba za mahindi yalilala mayai saba, moja limepasuka. "Funguo ya nyumba nimeisahau. Mayai nimeyaleta."

Suud alitaka kucheka, akajizuia, maana hakuwa tayari kucheka na mtu huyu. Akarudi nyuma hatua moja. "Ingia. Funga nyuma yako."

Walikaa, Suud kibarazani, Aloys kwenye kigoda karibu na bomba. Jua lilikuwa linashuka upande wa Kongo. Mwishowe Aloys akauliza, "Mama Nura iko wapi?"

"Kigoma. Meli zimesimama."

"Na we unakula nini?"

Suud akamwonyesha lengalenga na nyanya. Aloys akaziangalia, akamwangalia na yeye, akaelewa. "Mbabula iko wapi?"

Jiko la makaa lilikuwa kwenye kona, chini ya bati. Suud, kwa kutotaka kuonekana mgeni nyumbani mwake mwenyewe, alijaza makaa mpaka juu, akachukua chupa ya mafuta ya taa na kuimimina, kisha akapiga kiberiti. Moto uliruka mpaka ukalamba ukingo wa bati.

"Apana, apana! We utachoma Buyenzi yote!" Aloys aliinuka, akaondoa nusu ya makaa kwa kibanio na kuyapanga upya, yale madogo chini. "Mi niko najua kupika sasa. Marguerite alipokufa, ilinibidi. Wiki ya kwanza nilikula maharagwe ya mabichi nikasema yameiva."

Jikoni kwa Mwantum hakuna kilichojitaja. Kikaango Suud alikiona, kilikuwa kinaning'inia. Vitunguu alivipata kikapuni, mafuta ya mawese yalikuwa kwenye chupa nyuma ya mlango. Chumvi ilimshinda. Alifungua makopo manne, akaonja vitu vyeupe vitatu, mpaka akaikuta kwenye kopo la maziwa ya unga. Miaka thelathini na minne ndani ya nyumba hii, akawaza, na sijui chumvi inakaa wapi.

Adhana ya magharibi ikaita. Suud akatawadha na kuswali kibarazani, huku akimsikia Aloys nyuma yake akikata vitunguu taratibu, kisu kikigonga ubao. Ilikuwa sauti ya nyumba yenye watu. Alipotoa salamu alikuta kila kitu tayari kwenye sinia. Vitunguu vilikatwa vyembamba, nyanya vipande vikubwa, na lengalenga ilikuwa imeoshwa mara mbili na kukamuliwa.

"Ukiitia na maji, inakuwa supu," Aloys alieleza. "Lete kikaango."

Suud alikishusha kikaango kwa mkono wa kushoto na kukinyoosha juu ya moto. Mkono ulifika nusu ya njia ukagoma, kama kawaida yake, na kikaango kikalala upande. Ilimbidi akishike kwa mkono wa kulia.

Aloys aliuangalia ule mkono uliobaki umepinda hewani.

"Mukono imekuwa nini?"

"Mutakura," Suud alijibu.

Aloys alimimina mafuta, akangoja yachemke, akatia vitunguu. Vilipoanza kuchuja maji na kunukia, akasema bila kuinua macho:

"Nilikusikia. Ile siku. Nilijua sauti ni yako. Marguerite akasema, fungua. Ufunguo ulikuwa mu mukono yangu." Alikoroga. "Taa, mi ndio niliizima."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Nimetafuta neno ingine miaka munane, Suud. Hakuna. Niliogopa tu."

Kwa miaka hiyo minane Suud alikuwa ameiandaa hotuba. Aliijua yote. Ilianza na siku ya kwanza walipojuana bandarini, ikapanda ngazi kwa ngazi mpaka kwenye lile lango, na ilikuwa na maneno ambayo mtu akiambiwa hawezi kuinua tena uso. Sasa aliutafuta mwanzo wake akaukosa. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Nilikuwa nimekuletea kadi ya harusi ya Nura."

Aloys aliacha kukoroga. "Kadi?"

"Sikutaka kuituma kwa mtu. Jina lako nililiandika mwenyewe."

Aloys alikaa chini kwenye kigoda, mwiko mkononi. Alikuwa amedhani siku zote kwamba Suud alipita Mutakura kwa shughuli zake, na kwamba hatari ilimsukuma tu hadi pale. Kwamba alikuja kumwalika harusini hakujua. Vitunguu vikaanza kushika rangi, kisha vikaanza kunuka. Suud alingoja avigeuze, akaona havigeuzi, akachukua kitambaa na kuondoa kikaango motoni yeye mwenyewe.

"Sasa ninatia nini?" aliuliza.

"Nyanya," Aloys alisema. "Na chumvi."

"Kiasi gani?"

"Kidole tatu."

Suud akatia nyanya, akatia chumvi ya vidole vitatu, akarudisha kikaango kwenye jiko. Alikoroga kama alivyoona. Nyanya zililia, zikalainika, na maji yake yakapungua mpaka mafuta yakajitenga pembeni. "Sasa majani," Aloys akaelekeza, na lengalenga ikaingia rundo zima, ikaonekana nyingi mno, kisha ikanywea ikawa kidogo.

"Na mimi sikuja kwa msiba wa Marguerite," Suud alisema. "Habari niliipata siku ileile. Nilikaa dukani, nikafungua robota, nikahesabu vitenge mpaka jioni."

"Najua. Nilikuwa nakutazamia kwa lango."

Aloys akarudi kwenye jiko. Kwa mgongo wa kijiko alichimba mashimo sita ndani ya mboga, akampa Suud kikombe. Kila yai kwanza lipasuliwe kikombeni, alieleza, likiwa bovu lisiharibu yote. La kwanza Suud aliliponda, ganda likaingia, wakalitoa kwa ncha ya kisu. La pili halikuwa na shida. Kufika la sita alikuwa anayapasua kwenye ukingo wa kikombe kwa mkono mmoja, na alijiona anafurahi, jambo lililomshangaza. Wakafunika kwa sinia, wakapunguza makaa, wakangoja.

Huko kusini milio ilikuwa imepungua. Upande wa pili wa ukuta watu kumi na mmoja wa Miza walikuwa wanakula, na kuna mtu alisema jambo wakacheka.

Walipofunua, weupe wa mayai ulikuwa umeshika na viini vilikuwa bado vinatikisika. Mkate haukuwepo, ila Suud alikumbuka viazi vitamu vilivyobaki kwenye sahani ya Miza ya jana. Wakaweka kikaango katikati yao kwenye mkeka, wakala kwa mkono, kila mmoja kutoka upande wake. Mboga ilikuwa na chumvi kidogo zaidi ya inavyotakiwa, na vitunguu vilikuwa na uchungu wa kuungua. Suud alikula mayai matatu, akafuta mafuta kwa kipande cha kiazi mpaka chuma kikaonekana.

"Iko muzuri," Aloys alisema.

"Imeungua."

"Iko muzuri na imeungua."

Safari hii Suud alicheka. Hakumwambia Aloys kwamba amemsamehe, wala Aloys hakuomba. Alimtandikia godoro sebuleni, akampa shuka na taulo, akamwonyesha choo kilipo.

Aloys alikaa siku tisa. Vita viliporudi nyuma, Suud alifunga duka nusu siku wakapanda pamoja Kinanira. Nyumba ilikuwa imesimama, dirisha moja limetoka, kuku wote wamekwenda. Wakafagia vioo, wakaziba dirisha kwa ubao. Kabla ya hapo, kwa kuwa mlango ulikuwa umejifunga na ufunguo umebaki ndani, Aloys alilazimika kuingia kwa dirisha lake mwenyewe kama mwizi.

Mwantum alirudi kwa meli ya kwanza. Suud alimpikia jioni hiyohiyo, akamweleza yote huku akikoroga. Mwantum alimsikiliza mpaka mwisho. Yeye ndiye aliyeukanda ule mkono kwa maji ya moto miezi saba, na ndiye aliyemlisha kwa kijiko. "Wewe umefungua lango lako," alisema. "Mimi langu bado." Akala, akaosha sahani yake, akalala.

Ilipofika Ramadhani, bila kuulizwa, alisema Aloys aalikwe kwa futari. Alimpakulia uji na sambusa kwa mkono wake, akamwuliza habari za bandarini, akampa na kifurushi cha kubeba. Zamani alikuwa akimwita shemeji. Sasa anamwita Bwana Aloys, na Aloys huitika kila mara, tena huinuka kidogo kwenye kiti chake anapoitika.