Jike Mkubwa wa Kilima cha Crouch

Delphia Crouch alitoa sharti moja tu: wavu haurushwi mpaka atamke yeye. Kilima ni chake, na wale bata mzinga kumi na wanne wa mwituni ndio pekee waliosalia katika vilima vyote vya Ozark alivyovijua. Wakifa hao, hakuna wengine.

Asubuhi hiyo ya Februari alilala kifudifudi kwenye kibanda cha matawi, baridi ikimtafuna vidole. Kushoto kwake alikuwa Loyd Haskell, kijana wa idara ya wanyamapori, mkono kwenye swichi ya baruti ya kuurusha wavu. Kulia alikuwa Hobart, kaka yake. Mbele yao, wavu mpana ulifichwa chini ya majani makavu, na mbele ya wavu yalimwagwa mahindi. Wiki tatu Loyd alikuwa akiyamwaga.

Delphia hakuwapenda watu wa serikali, na hakuwa amesahau kwa nini. Kampuni ya mbao ilipofyeka mialoni yote hakuna ofisa aliyefungua mdomo. Wala hakuna aliyesema kitu wawindaji waliposheheneza ndege waliowaua kwenye magari ya farasi kupeleka stesheni. Halafu, mwaka wa thelathini na nane, wasomi wakaleta ndege waliofugwa bandani, wakawaachia msituni, wakapigwa picha. Ndege wenyewe walimfuata Hobart hadi barazani kuomba chakula. Mbweha walishiba mpaka Krismasi. Mwaka uliofuata wakaletwa wengine kutoka banda lile lile.

"Kifaranga hazaliwi anamjua mwewe," Delphia alimwambia Loyd siku alipokuja kuomba ruhusa, huku akimpakulia maharage. "Anafundishwa na mama yake. Nyinyi mliwanyima mama, mkaja kutushangaa sisi."

Loyd hakubisha. Alisema ndiyo maana anataka wa mwituni, awahamishie bonde la mto lisilo na hata mmoja. Delphia akamwongezea maharage.

Sasa walikuwa wanakuja, hatua moja, kisha kimya, kisha nyingine. Jua lilipowagusa, manyoya yaliyoonekana meusi yakawaka rangi ya shaba na kijani. Delphia aliwaona maisha yake yote, na bado alisahau baridi.

"Yule dume amenidanganya misimu sita," Hobart alinong'ona. "Ana akili kuliko mkwe wangu."

"Hata kisiki kina akili kuliko mkwe wako," Delphia akamjibu.

Vijana wanane, majike sita na madume wawili, waliingia kwenye mahindi. Loyd akamtazama Delphia. "Mama, hao wanatosha."

"Bado."

Jike mkubwa, mwenye kidole kilichopinda, alikuwa amesimama pembeni na shingo juu. Ndiye aliyeliongoza kundi zima kwenda kulala, ndiye aliyemwona mwewe kabla ya mwewe kumwona. Delphia angeweza kumbakiza. Moyo wake wote ulitaka kumbakiza. Lakini vijana wanane wasiojua kitu, ugenini, wangekuwa ndege wa banda tu. Hapa angalau yupo yule dume mzee, na majike wengine wanne waliokwisha kulea.

Jike akaingia, akainamisha kichwa.

"Piga," Delphia akasema, na Loyd akabonyeza swichi; wavu ukawafunika wote tisa.

Mchana huo, kando ya mto, walifungua maboksi mbele ya wakulima waliokuja kutazama. Jike mkubwa alitoka kama jiwe la teo, akapaa juu ya mikuyu hadi ng'ambo. Vijana wakamfuata, mmoja mmoja. Watu wazima walivua kofia bila kuambiwa.

Mfugaji mmoja, Clete Varner, akauliza msimu wa kuwawinda utafunguliwa lini.

"Miaka kumi," Delphia akasema. "Na kila Aprili nitakuja alfajiri kuwasikiliza. Nisipowasikia, nitapita mlango kwa mlango, na nitaanza na wako."

Clete alikuna shingo. Kisha akauliza alfajiri ya saa ngapi hasa, ili mkewe ajue wakati wa kubandika kahawa.