Mbuzi wa Zedekia na Kiu Yake

Anselme akisimulia safari hii pale sokoni Bwera, husema tulipotea. Hatukupotea. Mimi Blasio, fundi baiskeli, sijapotea tangu nizaliwe. Nimewahi tu kufika mahali ambapo sikuwa nimepanga kufika. Kwa hiyo leo nasimulia mwenyewe, na mwenye kutaka kubisha angoje nimalize.

Ulikuwa mwaka 1967, mwezi wa pili, jua kali na vumbi hadi kwenye meno. Rafiki yetu Zedekia, mchoma sindano wa zahanati, alikuwa amemposa Kellen, binti wa Mzee Kosiya wa Kabatoro, kule kwenye ziwa la chumvi la Katwe. Mbuzi kumi na mmoja wa mahari walikwisha kufika. Alibaki mmoja. Mzee Kosiya akatuma neno kwamba huyo wa kumi na mbili afike kabla ya Jumapili, tena awe amenona, la sivyo jina la Zedekia halitasomwa kanisani pamoja na la Kellen. Na kulikuwa na bwana mmoja mwenye lori la chumvi aliyepita kwa Mzee Kosiya kila wiki kusalimia tu. Kabatoro nzima ilijua salamu zile zinaelekea wapi. Zedekia alikonda kuliko mbuzi.

Na mbuzi alikuwa amekonda kweli. Alikuwa ameharisha wiki mbili, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Tulimwita Afande, kwa sababu alikuwa na ndevu na jicho la ukali, na katika maisha yake yote hakuna aliyemwamuru akatii.

"Hii mbuzi Mzee anakataa," Zedekia alisema, ameshika kichwa. "Anakataa mbuzi, anakataa na mimi."

Basi nikampa Zedekia dawa ya shida yake. Wauza mbuzi wa mpakani wana ujanja wao. Mbuzi aliyekonda hulishwa chumvi jioni ya kuamkia mnada, asubuhi hunyimwa maji, kisha wakikaribia soko hupewa maji anywe anavyotaka. Tumbo linajaa, ngozi inakaza, na mnunuzi asiyejua anaondoka anachekelea. Ijumaa jioni nikanunua chumvi ya Katwe, ile ya kijivu, nikaichanganya na maganda ya ndizi. Afande alikula yote, akalamba na kiganja changu.

Anselme alikuwepo, anatazama. Yeye ni muuza vitenge, alivuka mpaka wakati wa vita vya kwao. Wazazi wake ni watu wa Beni, lakini yeye alikulia Goma, Kinande chake, lugha inayokaribiana na yetu, kikabaki nusu, kwa hiyo sisi watatu tulizoea kuzungumza Kiswahili.

"Blasio," akasema, "ile mutu tunamupelekea mbuzi, kazi yake ni chumvi. Haitajua?"

Nikamwambia auze vitenge vyake.

Jumamosi alfajiri tulipanda lori la pamba, sisi watatu, Afande na baiskeli yangu, likatushusha Kikorongo. Kutoka pale kwenda Katwe kuna barabara. Mimi ndiye niliyesema tusiifuate. Malori ya chumvi yanapita pale kutwa. Dereva mmoja akiona mbavu za Afande, Mzee Kosiya angezisikia kabla hatujafika nusu ya njia. Tupite juu, nikasema, kwenye mashimo ya volkano. Hakuna mtu, ni mkato, na maji ni mengi. Nilikuwa nimewahi kuyaona maziwa ya kule nikiwa juu ya lori, yanameta ndani ya mashimo yake. Tungemnywesha Afande kwenye lile la mwisho, tukateremka Kabatoro na mbuzi mnene.

Mtu aniambie kosa liko wapi katika mpango huo. Ulikuwa mpango mzuri.

Tulipanda. Jua lilipochomoza tulikuwa juu, na nchi yote mbele yetu ilikuwa mashimo, shimo kando ya shimo, mengine yamejaa msitu, mengine nyasi tupu, na ndani ya moja nyati wamesimama kimya, wadogo kwa umbali. Nyuma yetu milima ya Rwenzori ilikuwa imejifunika mawingu. Kulikuwa kuzuri hata mimi nikasimamisha baiskeli nitazame.

Anselme alikuwa amevua viatu. Ameviweka kwapani, anatembea kwa ncha za vidole.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Bandugu, musiongee kwa nguvu," akanong'ona. "Hii bilima beko banalala. Kule Goma mi niliona mulima inaamuka, niliona na macho yangu mbili. Moto ilishuka sawa uji, ikakula shamba ya baba mukubwa. Hata mizizi haikubaki."

"Volkano hizi zimezima zamani sana."

"Nani alikuambia? Wewe ulizizima?"

Nikapiga kengele ya baiskeli kwa makusudi. Anselme akalala chini kifudifudi. Tulicheka, Zedekia na mimi, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza cha Zedekia wiki ile. Kicheko cha mwisho pia.

Kufikia saa nne Afande alianza kudai maji. Kwanza alilia. Halafu akasimama, akanitazama mimi, si Zedekia wala Anselme, kana kwamba anajua chumvi ilitoka mkononi mwa nani. Nikamwambia Zedekia asijali, ziwa liko mbele.

Ziwa lilikuwepo. Tulilinusa kabla ya kuliona. Linaitwa Nyamunuka, na mtu aliyelipa jina hilo alikuwa na pua nzima. Harufu ilikuwa ya mayai yaliyooza kapu zima. Anselme alipoinusa alipiga ishara ya msalaba.

"Ni ile ile!" akasema. "Ni harufu ya Goma! Mulima inapumua! Tutakufa juu ya mbuzi?"

Tukamteremsha Afande mpaka ukingoni. Alinyoosha shingo, akanusa, akapiga chafya, kisha akanigeukia akanipiga pembe ya goti. Namwelewa. Hata mimi nisingekunywa.

"Lingine liko mbele," nikasema, nachechemea.

La pili lilikuwa zuri kwa macho, la kijani, na heroe wekundu wamesimama pembeni kwa miguu yao mirefu. Safari hii niliteka kwa mkono nikaonja mwenyewe. Nilitema mpaka nikatoa machozi. Lilikuwa chumvi tupu. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Kasese analijua, kwamba Katwe iko pale ilipo kwa sababu maji ya nchi ile ni ya chumvi. Nilikuwa nimemlisha mbuzi chumvi, kisha nikamtembeza kwenye nchi ambayo hata maziwa yake yanahitaji maji ya kunywa.

Sikulisema. Nilisema, "La tatu ndilo lenyewe."

Zedekia aliketi juu ya jiwe jeusi. Afande alikuwa amelala, ulimi nje, ubavu unapanda na kushuka. Tulikuwa na chupa moja ya maji, na robo tatu nilikuwa nimekunywa mimi wakati wa kupanda. Zedekia akayamimina yaliyobaki kiganjani, akamnywesha mbuzi, yeye asionje hata tone.

"Blasio," akasema taratibu, "kama hii mbuzi inakufa hapa, mimi naambia Kellen nini? Namwambia nilipita njia ya mkato?"

Afadhali angenitukana. Nilitazama magurudumu ya baiskeli kama mtu anayekagua kazi. Hapo ndipo mahali pa kusema nimekosea, najua, na neno lilifika mpaka kooni. Likashuka tena.

Tulimnyanyua Afande tukamlaza kwenye baiskeli, kifua juu ya kiti, na kitenge cha Anselme kichwani kumkinga jua. Tukasukuma. Alasiri tulifika ukingo wa mwisho, na chini yetu ilikuwa Kabatoro na mabati yake, na ng'ambo yake ziwa kubwa la maji matamu, la samaki. Upepo ukavuma kutoka kule. Afande akainua kichwa. Pua ikamtetemeka.

Mbuzi mgonjwa aliruka kutoka juu ya baiskeli, akanipitia mimi, akakata kamba, akateremka mlima na kitenge shingoni. Zedekia nyuma yake. Mimi nyuma ya Zedekia na baiskeli. Anselme nyuma yetu sote, sasa anapiga kelele bila kujali ni mlima gani utaamka.

Afande hakwenda ziwani. Kwa nini aende mbali? Katika ua wa kwanza kulikuwa na pipa la maji matamu, limejaa pomoni. Akapanda jiwe, akatumbukiza kichwa mpaka mabegani. Na ua ule, kati ya nyua zote za Kabatoro, ulikuwa wa Mzee Kosiya.

Maji matamu Kabatoro hayachezewi. Huchotwa mbali na kubebwa kichwani. Yale ya pipani Mama Eseza, mama yake Kellen, alikuwa ameyabeba siku mbili kwa ajili ya wageni wa Jumapili. Na alikuwa amesimama pale pale, kata mkononi, Zedekia alipoingia mbio akajikuta uso kwa uso naye.

Mama mkwe hatazamwi usoni. Kwetu ni aibu. Kwa Mama Eseza, ambaye ni Muganda kwa kuzaliwa, ni zaidi ya aibu, kwa maana kwao mkwe anayevunja mwiko huo hushikwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono. Sasa fikiria mchoma sindano mwenye mikono ya kutetemeka. Mama Eseza alijifunika shuka akakimbilia ndani, akasimama nyuma ya mlango. Zedekia akageukia ukuta, paji la uso likigusa udongo, na hapo alibaki muda wote wa kesi.

Kwa maana ilikuwa kesi. Mzee Kosiya alitoka, mrefu, miguu imepasuka kwa miaka ya kusimama kwenye maji ya chumvi. Kellen akatoka nyuma yake. Wote tulimtazama Afande akinywa. Tumbo likafura, tunaliona. Mbavu zikazama moja baada ya nyingine. Mpango wangu ulifanya kazi barabara, mbele ya mtu ambaye haukupaswa kufanya kazi mbele yake.

"Mimi nakata chumvi miaka thelathini," Mzee Kosiya akasema. "Mbuzi ya kiu najua. Mbuzi ya chumvi najua. Nani alipatia hii mbuzi chumvi?"

Afande peke yake aliendelea kufyonza.

"Ni mimi, baba," Zedekia akauambia ukuta.

"Wewe unataka mtoto yangu, na siku ya kwanza unanidanganya?"

"Ndiyo, baba. Naomba samahani."

Kellen aliuma midomo. Macho yake yalijaa, lakini hakumtazama Zedekia. Alinitazama mimi. Tunafahamiana, nimemtengenezea baiskeli. Anajua nani kati yetu huwa na mipango. Anselme naye alikuwa ananitazama, viatu bado kwapani.

Katika miaka yangu thelathini na moja sikuwahi kulisema neno lile, si kwa mama yangu, si kwa padri, ambaye nilikuwa nikimweleza tu jinsi wengine walivyonisukuma. Nikafungua mdomo.

"Mzee, anasema uongo. Chumvi ni mimi. Njia ni mimi. Maji ya chupa nilikunywa mimi. Nimekosea."

Anselme aliangusha kiatu kimoja.

Mzee Kosiya alinipima kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akaugeukia mgongo wa Zedekia. "Sasa wewe umedanganya mara mbili."

"Blasio iko rafiki yangu," ukuta ukaambiwa tena. "Alitaka kunisaidia."

Ndipo sauti ya Mama Eseza ikatoka nyuma ya mlango. "Kosiya, ile uongo ya mbuzi irudi Bwera na mwenyewe. Hii ingine, ya kuficha rafiki, mimi naweza kukaa nayo."

Mwenye nyumba wa kweli alikuwa amekwisha kuamua, na ilibidi Mzee Kosiya aonekane bado anafikiri. Mwishowe akaenda kwenye pipa, akachungulia. Chini kulibaki maji ya kujaza kikombe, na ndevu mbili.

"Mbuzi atakula nyasi ya hapa, atanona," akasema. "Jina litasomwa. Lakini maji ya wageni?"

Wote walinigeukia.

Nilipewa madebe mawili. Kutoka pwani ya ziwa tamu mpaka ua ule ni mlima, na baiskeli ya fundi, aibu iliyoje, ilipata pancha mara mbili. Jumamosi ikaisha pipa halijafika nusu. Jumapili asubuhi wote walikwenda kanisani, Anselme amevaa viatu, Zedekia amevaa shati langu. Mimi nilikuwa katikati ya mlima, nasukuma, niliposikia vigelegele vya wanawake kutoka kanisani. Nikajua majina yamesomwa, la Zedekia pamoja na la Kellen. Nilisimama pale peke yangu nikalia. Anselme aliponiuliza baadaye kuhusu macho yangu, nilimwambia ni chumvi ya ziwa la Katwe, na hilo sitalibadilisha.

Nilipofika uani, hakukuwa na mtu. Afande alikuwa amefunguliwa. Alinitazama kwa lile jicho lake, akaja, akatia kichwa ndani ya debe la kwanza.

Nilimwacha akamaliza. Kisha nikageuza baiskeli, nikateremka tena ziwani.