Magurudumu Meupe ya Mkolani

Kwenye karakana ya mbao ya Bi Sihaba, Mkolani, Mzee Masele alikuwa na kiti chake. Hakuna aliyempa. Alikikalia tu siku alipofika, watu wakazoea. Hapo alikaa akisimulia alikopita: viwanda vya pamba, machimbo ya Geita, meli za mizigo za Bukoba, na mbali kabisa Mafinga, kwenye misitu ya misonobari, ambako, alisema, mbao haziachwi juani kama dagaa, zinaokwa kwenye tanuri kama mikate. Ukimuuliza lolote alikuwa na jibu, na jibu lilianza hivi: "Sisi tulipokuwa Mafinga..."

Mafinga alifika kweli. Tanuri ndilo lilikuwa na kasoro. Kule Masele alipanga mbao uani msimu mmoja wa mvua, na matanuri aliyaona kwa mbali, milango imefungwa. Hakuingia hata kuota moto. Lakini habari ukishaisimulia sana na watu wakaipenda, kuirudisha ilikotoka ni kazi ngumu.

Basi Bi Sihaba akajenga tanuri lake: chumba cha matofali chenye mlango mzito, na reli mbili sakafuni. Mbao zingepangwa juu ya toroli, zikatenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, toroli zikasukumwa ndani, zikakaa humo kwenye joto siku kadhaa mpaka zikauke.

"Mzee wangu," Bi Sihaba akamwambia, "kimebaki kitu kimoja, magurudumu ya toroli. Mimi sijui chochote. Wewe ndiye uliyetoka huko. Nenda mjini ukachague."

"Hilo limekwisha, mama."

Dukani kwa Farouk, muuza vyuma, aliwekewa magurudumu mawili mezani. Moja la chuma cha kusubu, jeusi, zito kama jiwe la kusagia, ukilizungusha linakoroma. La pili jeupe, la nailoni ngumu, na katikati beringi iliyojazwa grisi ikazibwa kwa mpira. Farouk alilisukuma kwa kidole. Likazunguka kimya, likazunguka, mpaka Masele akacheka.

"Yanakwenda kufanya kazi wapi, mzee?" Farouk akauliza.

Swali dogo tu. Lakini Masele aliona mbali: akisema tanuri, ataulizwa joto lake, naye halijui. Na nyuma yake alisimama jirani mmoja wa Mkolani, ametega sikio.

"Toroli za reli," akasema. "Mbao."

"Mbao tu? Basi chukua haya meupe. Hayapigi kelele, hayashiki kutu."

"Nilishayaona mimi, kabla hujasema."

Pale karakanani mtu mmoja tu aliyatilia shaka. Huyo alikuwa Ngosha, mchochea moto wa tanuri, mwanamume aliyeoa karibuni na aliyeishika ile kazi kwa mikono miwili. Aliligusa gurudumu kwa kucha.

"Shikamoo, baba. Hili joto litalikubali kweli?"

"Marahaba. Ngosha, wewe umefika wapi? Umevuka hata Misungwi hapo jirani?"

Watu wakaangua kicheko. Ngosha naye akacheka, akarudi kwenye maranda yake.

Siku ya kuingiza mzigo toroli ziliteleza kama samaki mkononi. Bi Sihaba akapiga makofi. Masele akatembea kandokando ya reli, mikono nyuma, kama mtu aliyezaa reli yenyewe.

Sasa, shida ya gurudumu la tanuri si mwendo. Mwendo wenyewe ni hatua chache. Shida ni kusimama: usiku na mchana, mzigo mgongoni, joto na mvuke vikilipika. Siku zilipotimia, mlango ulipofunguliwa, harufu ya grisi iliyoungua ilitangulia kutoka. Wakasukuma toroli ya mbele. Ikaja ikichechemea, kwa maana yale meupe yalikuwa yamebonyea chini kama maandazi yaliyokaliwa. Ilipofika kizingitini gurudumu moja likapasuka. Toroli ikainama, mbao zikaegemea ukuta, nusu ndani nusu nje. Mlango haufungiki. Upepo wa ziwa ukaingia kwenye mbao za nyuma zilizokuwa bado za moto, nazo zikaanza kupasuka: ta! ta!

"Ngosha!" Bi Sihaba akapiga kelele. "Umeniunguzia!"

"Mama, moto niliuweka kama nilivyoelekezwa."

"Ulivyoelekezwa, na magurudumu yameyeyuka? Mkishusha mzigo huu, chukua nguo zako uende."

Ngosha alimtazama Masele, wala si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mzee wake, akisubiri aseme. Masele akatazama reli.

Ikabidi mbao zishushwe kwa mikono, watu wamesimama mstari, wanapokezana. Hata Masele aliingia mstarini. Kukaa kwenye kiti siku ile aliona haya. Na wapagazi wa pale, Wasukuma karibu wote, hawashushi mzigo bila wimbo. Kazi ikiharibika, kiongozi wa wimbo humtaja aliyeiharibu kwa jina lake na la baba yake, wenzake wakaitikia. Ukitajwa hukasiriki. Unapokea mbao, unaitikia jina lako mwenyewe. Lakini unajua wimbo huo utafika gulioni kabla yako.

Kiongozi alikuwa Mashimba, mtu mwenye sauti ya fahali.

"Nani kapika magurudumu?"

"Ngosha, ng'wana Kija!"

"Mama kataka mbao, kampa uji!"

"Ngosha, ng'wana Kija!"

Ngosha aliitikia pamoja nao, jasho linamwingia machoni. Na Masele akasikia mdomo wake mwenyewe ukitamka: Ngosha, ng'wana Kija. Ulitamka vizuri kabisa, kwa mapigo yake. Mbao iliyokuwa mkononi ilikuwa ya moto, lakini uso wake uliwaka zaidi. Mashimba aliponyamaza afute jasho, Masele akadakia wimbo kwa sauti iliyopasuka.

"Nani kachagua meupe?"

Akajiitikia mwenyewe.

"Masele, ng'wana Ng'washi! Nani kaona haya kutaja tanuri dukani? Masele, ng'wana Ng'washi! Mafinga alipanga nje, ndani hakuingia!"

Mstari ukasimama. Mashimba akageuka, mbao begani.

"Mzee, huu si utani?"

"Imba, Mashimba. Mbao zinapasuka."

Mashimba akakohoa, akaimba. Mwanzo waliitikia chinichini kama watu wa msibani. Kisha mmoja akacheka, na wimbo wa namna ile ukishapata kicheko hauzimiki tena. Bi Sihaba alikuwa amesimama kando ya mlango, upande wa kanga umefunika pua. Alisikia yote. Ngosha peke yake hakuitikia. Alipokea mbao kutoka kwa Masele, akampa wa mbele, bila kumtazama.

Mzigo ulipokwisha, Bi Sihaba alimwambia Ngosha, "Kesho uje kama kawaida." Kisha akamgeukia mzee.

"Ulipanga nje?"

"Nje, mama."

"Na hadithi zote zile za ndani?"

Masele akatazama kiti chake.

"Kesho mtakwenda wote kwa Farouk. Ngosha ndiye atakayechagua. Wewe utabeba."

Farouk aliwapokea kwa bashasha. "Karibu, mzee! Yale meupe yanakwendaje?"

Ngosha akamtazama Masele tena, vilevile kama jana.

"Nilikuficha, Farouk," Masele akasema, na duka lilikuwa limejaa. "Ni ya tanuri. Joto lake silijui. Muulize huyu."

Farouk akayatoa mezani meupe mengine aliyokuwa nayo, akayarudisha rafuni. Waliongea yeye na Ngosha, wakachagua yale meusi yanayokoroma, yanayolainishwa kwa unga mkavu badala ya grisi. Masele akayabeba kwenye gunia, shingo imezama mabegani.

Nje, mvuta mkokoteni aliyepakia mbao alikuwa akipanda mlima, anajipa nguvu kwa wimbo: nani kachagua meupe? Midomo ya Ngosha ikaanza kufunguka, akaikaza.

"Itikia tu, mwanangu," Masele akasema chini ya gunia. "Jina si lako."