Tundu la Upande wa Kulia

Jumanne asubuhi, baada ya Kitinda kula mayai mawili ya kukaanga na mkate uliopakwa siagi bila huruma, vikono kumi na viwili vilichomoza ubavuni mwake, upande wa kulia, chini ya mbavu. Vilikuwa vidogo kama vya mwanasesere. Mafuta yalimtoka kwenye ngozi kama jasho la njano. Kila kikono kilidaka tone, kikazama nalo hadi kwenye ini, na baada ya dakika kumi kikarudi kitupu kungoja jingine. Kitinda alisogeza kikombe cha chai visije vikakipindua.

Mama akamgeukia binti yake mkubwa, fundi cherehani, aliyekuwa akitafuna kabichi la kuchemsha.

"Mshonee mdogo wako gauni lenye tundu. Vitakosa hewa hivyo."

Fundi alikuwa na miaka thelathini na tisa. Vidole vyake vilikuwa na vinundu vya njano kwenye vifundo, na kila akipima damu majibu yalirudi yamepigiwa mstari mwekundu. Siagi alikuwa hajaigusa, mwaka wa tano sasa. Daktari alishamweleza, bila kuinua kichwa, kwamba kolesteroli husafiri kwenye damu kwa vifurushi, na ini huvipokea kwa vikono.

"Wewe vyako vichache mno," alisema daktari. "Vifurushi vinakosa wa kuvipokea, vinazurura, vinajibandika kwenye mishipa ya moyo."

Sasa Fundi aliweka uma chini. "Mama, huyu vyake kavitoa wapi?"

"Kwangu. Na mimi nilipewa na mama yangu."

"Na mimi je?"

"Wewe ulichukua vya baba yako."

Baba yao alifia kwenye kiti, gazeti mkononi, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Kiti bado kipo. Fundi hukikalia akishona, maana viti vingine Mama alishampa Kitinda.

"Usinune, Dada," Kitinda alisema akijifuta mdomo. "Nitakuazima."

"Utaniazima nini, kucha?"

Kitinda akacheka. Vikono navyo vikapiga makofi, na hapo ndipo roho ilipomuuma Fundi kwelikweli.

Alichukua futi, akapima kifua, kiuno na nyonga. Kwa siku mbili alishona gauni la kazini la buluu, zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Tundu hakuweka. Upande wa kulia alitia bitana mbili, akapitisha cherehani mara tatu.

Alhamisi Kitinda alilivaa kwenda kazini. Kufika mchana, vikono vilikuwa vikibisha hodi. Alasiri alirudi na vinundu vya njano kwenye kope. Jirani aliyefuata suruali yake akawatazama wote wawili.

"Leo ndiyo naamini nyie ni ndugu," alisema.

Fundi alimpa suruali yake na kifungo cha ziada.

Ndipo vikono vilipoanza kufumua. Vilichomoa uzi mmoja mmoja bila kuchana kitambaa, vikauviringa vizuri, vikamrudishia Fundi mwenyewe. Kimoja kikamshika Fundi kidole, kikapapasa kinundu, kikajaribu kukibandua. Kisha kikamwachia, kikarudi kwa mwenye nacho. Wakati wa kula, kope za Kitinda zilikuwa safi.

"Kumbe ulisahau tundu," Kitinda alisema.

"Nilisahau."

"Fundi mzima," alisema Mama, akimwongezea Kitinda nyama. "Mshonee jingine, tundu liwe pana. Naona vinaongezeka."

Fundi akashona jingine. Tundu alilipinda kwa mkono, akaacha na nafasi ya kulipanua baadaye. Halafu akachukua gauni lake mwenyewe, akalikata tundu kama lile, upande uleule, akalipinda kwa uangalifu uleule.

Hulivaa kila siku, kwenye kile kiti cha baba. Wateja wakiuliza, huwaambia ni mtindo mpya, na wawili wameshaagiza. Kikono hakijatoka hata kimoja. Huingia upepo tu.