R za Alghero

Dada yangu Rosaria alipoacha kula, nyumba ya wazee ya hapa Alghero iliniita. Ornella, msimamizi wa pale, alinipokea mlangoni. Alisema Kiitaliano kimemtoka Rosaria kabisa, amebaki na Kikatalani chetu tu, kile mababu walichokuja nacho kutoka upande wa Barcelona, na wauguzi wote ni watu wa mji jirani wa Sassari, hawakijui.

"Anafumba mdomo, mzee. Akiendelea hivi tutampeleka hospitali wamlishe kwa mpira."

"Niachie mimi. Hakuna mtu mji huu anayekijua Kikatalani kunishinda."

Sikuwa najisifu bure. Nilichonga mawe Barcelona karibu maisha yangu yote ya kazi, na jioni, vumbi likiwa bado masikioni, nilikaa darasani pamoja na vijana kujifunza Kikatalani sanifu. Sisi wa Alghero, d au l ikiwa baina ya irabu mbili, mara nyingi tunaitamka r. Kiti, ambacho Barcelona ni cadira, kwetu ni carira. Maisha, vida, kwetu ni vira. Mafundi wenzangu walinicheka, wakaniita Mtaliano. Mwalimu alinikalisha mbele ya kioo mpaka ulimi ukatii. Nilifaulu, na cheti kiko ukutani kwangu hadi leo.

Basi nikaketi karibu na Rosaria na bakuli la supu ya fregola, zile punje za unga alizokuwa akizisokota mwenyewe.

"Dada, fungua kinywa. Ni mimi, Bastià."

Akanitazama, akaiweka shali yake vizuri, akafanya ishara ya msalaba.

"Umewahi mno, Padre. Mimi sijafa."

"Padre gani? Mimi mdogo wako!"

"Mdogo wangu haongei hivyo. Wewe ni wale mapadre wa Barcelona wanaotujia Wiki Kuu. Mahubiri marefu, na kapu la sadaka refu zaidi." Akafumba mdomo.

Kesho yake nilikuja na r zangu za zamani. Nilizipanga moja moja, kwa kufikiri, kama mtu anayepanga mawe. Rosaria alisikiliza, kisha akanuna.

"Padre anatuiga. Huoni haya? Tunaongea tunavyoongea, lakini si kichekesho chako."

Niliondoka, bakuli likiwa bado limejaa. Mkono wake, nilipoushika kumuaga, ulikuwa mwepesi kama wa mtoto.

Nilirudi tena. Safari hii alilipiga bakuli kwa kiwiko, supu ya moto ikanimwagikia mapajani. Niliruka na kupiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, ila yalikuwa maneno ya uchochoroni kwetu, na r zake zote, yale mama aliyotumia kutufukuza jikoni. Nilipovuta pumzi, Rosaria alikuwa anacheka hadi machozi.

"Bastià, mpumbavu wewe! Umejikojolea tena?"

"Ni wewe umenimwagia, kichwa cha punda!"

"Kaa chini. Lete iliyobaki, kabla suruali yako haijaimaliza."

Akala yote.

Mchana uliofuata nilifika na furaha, nikamwamkia kwa upole. Zile d za darasani zikarudi zenyewe, na dada yangu akanijibu kwa adabu, kama mgeni. Ilinibidi nikasirike upya. Ikawa hivyo kila mchana: sina hasira, sina dada. Nilikuwa najikumbusha alivyodhihaki matamshi yangu mbele ya watu niliporudi kutoka Barcelona, damu inapanda, tunatukanana, anakula.

Jamaa za wagonjwa wengine wakalalamika. Ornella akaniita pembeni.

"Mzee, hapa wagonjwa hawapigiwi kelele."

"Anakula."

"Anafokewa."

"Na mimi je? Husikii anavyoniita?"

"Kinachosemwa sikielewi, kelele ndizo ninazosikia. Ukirudia, huingii tena humu."

Leo nimejaribu taratibu. Nilivuta kiti, nikamsemesha kwa sauti ya chini, nikimbembeleza.

"Asante, Padre," akasema Rosaria. "Nimeshiba."

Hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Ornella alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Nikaitazama shingo ya dada yangu, mishipa yote nje. Nikamtukana kwa sauti iliyofika barabarani. Uso wake ukachangamka, akanirudishia tusi la mama yetu, na kinywa kikafunguka. Nikamlisha upesi upesi, bila hata kumfuta kidevu, kwa sababu Ornella alikuwa anakuja.