Dadu Isiyo na Tatu

Kazi ya binti ilikuwa kupekua mifuko. Nguo za wageni wa hoteli zilifika kwenye kiwanda cha kufua zikiwa ndani ya magunia ya turubai, naye, kabla hazijaingia kwenye mashine, alitia mkono katika kila mfuko na kutoa alichokikuta: kalamu, funguo, vijiti vya meno, na mara nyingine dadu. Kitu kisichouliziwa kwa siku thelathini kilikuwa chake. Funguo ziliuliziwa. Dadu hakuna aliyewahi kuiulizia.

Ndiyo maana alikuwa nazo arobaini na moja, ndani ya kopo la biskuti. Ilikuwemo ya kioo yenye dadu nyingine ndogo tumboni. Ilikuwemo ya pande ishirini, na ya mti iliyotafunwa pembe na mtoto wa watu, na moja ya mviringo kama gololi, ambayo ilibingirika kisha ikasimama yenyewe kwenye namba. Binti hakuwahi kucheza nazo. Kila Jumapili alizifuta kwa kitambaa laini, akazipanga dirishani, na mama yake alimpitisha kila mgeni hapo kabla ya kumwambia karibu ukae.

"Huyu darasa la sita hakulimaliza," mama alisema, kifua mbele. "Lakini muulize habari za dadu."

Binti aliangalia vidole vya miguu. Akibanwa sana alijibu kwa kunong'ona kwamba katika dadu ya kawaida pande zinazotazamana zikijumlishwa lazima ipatikane saba: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Baada ya hapo sauti ilimwishia.

Mama alipiga pasi kiwandani humo humo. Wapiga pasi walikuwa sita na kiti kilikuwa kimoja. Miaka kumi na moja iliyopita, siku kiti kilipoletwa, bosi alimpa kila mtu namba, akasema kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi atarusha dadu, na mwenye namba itakayotokea atapiga pasi amekaa mwezi mzima. Wengine watasimama. "Dadu haina upendeleo," alisema. Mama alikuwa namba tatu. Namba nne alikuwa kaka wa mke wa bosi, ambaye kiwanda kizima kilimwita Shemeji ingawa hakuwa shemeji yao.

Shemeji alikaa mara nyingi. Wengine walikaa mara moja moja. Mama hakuwahi kukaa. Mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba, na daktari alimwambia apunguze kusimama.

"Nitakaa," mama alimjibu, "zamu yangu ikifika."

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano binti alifungua kopo asubuhi na kukuta nukta zimetoka. Si zote. Kila upande wenye tatu ulikuwa mtupu, umelainika kama ukucha; moja, mbili na nyinginezo zilikuwa mahali pake. Nukta zilizotoka zilikuwa sakafuni, zimejipanga tatu tatu, zinapita chini ya mlango.

"Usizikanyage," alisema mama, akivaa viatu.

Walizifuata taratibu. Zilishika njia ile ile ya kazini, zikavuka barabara pale penye mistari. Jirani aliyekuwa akifagia mlangoni aliinua ufagio zipite.

"Leo mna msafara!" alisema.

"Tuna msafara," mama alijibu.

Chumba cha pasi kilikuwa kimejaa mvuke. Bosi alikuwa amekwisha kusimama mbele ya meza, na dadu ilikuwa mfukoni mwa suruali, inamokaa daima. Nukta zilipanda kiatu chake, zikapanda mguu, zikaingia mfukoni. Baada ya muda zilitoka zote, zikashuka, zikakusanyika mezani na kutulia. Bosi alizipangusa kama makombo. Zikarudi.

Akarusha. Ikaja nne.

"Shemeji!" akapaza sauti mpiga pasi aliyeitwa Redio, kwa kuwa mdomo wake haukuzimwa. "Makalio yako yana bahati kuliko sura yako!"

Watu wakacheka. Shemeji akavuta kiti. Bosi akanyoosha mkono aichukue dadu.

"Bosi, igeuze," alisema binti.

Redio mwenyewe aligeuka kumtazama. Hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia sauti ile, na wengi walikuwa wanaamini kwamba mtoto yule ni bubu.

"Niigeuze nini?"

"Chini ya nne kuna nini?"

Bosi aliigeuza. Chini ya nne kulikuwa na nne.

"Haina tatu," alisema binti, na sauti haikumwishia. "Zikijumlishwa zinakuwa nane. Mama amesubiri mara mia na thelathini na mbili namba ambayo haimo."

Bosi aliizungusha dadu pande zote, bila haraka. "Ndivyo nilivyoinunua," alisema. "Na namba tatu alipewa, akaipokea. Alilalamika siku ile?"

"Mimi nimekaa tu," alisema Shemeji.

"Mwanangu anazo dadu arobaini na moja," alisema mama, akiwageukia wenzake, "na hakuna hata moja aliyoileta nyumbani bila kuitazama pande zote." Alilisema hilo kama mtu anayetangaza harusi. Kisha akawasha pasi yake.

Bosi alimpa binti dadu ile, kwa kuwa sasa haikuwa na kazi. Nukta zilimpanda mama kwenye aproni, zikaungana kifuani zikawa tatu tu, kubwa kama vifungo vya koti. Hazikutoka kwa sabuni wala kwa jiki. Mama aliacha kujaribu, akawa anaipaka aproni wanga na kuinyoosha mpaka ikasimama yenyewe.

Mwezi uliofuata bosi alileta dadu mpya, nyekundu, inayong'aa. Kabla ya kuirusha aliionyesha mwenyewe upande baada ya upande, kila mtu akaona: moja, mbili, nne, nne, tano, sita.

"Sasa hakuna siri," alisema, akarusha.

Shemeji akavuta kiti. Mama akasimama kwenye meza yake, mgongo umenyooka, nukta tatu kifuani, na madereva wa hoteli waliokuja kuchukua mashuka walimwamkia yeye kwanza, wakidhani ndiye msimamizi.

Nyumbani, dadu ya arobaini na mbili iliwekwa katikati ya dirisha. Mgeni akija sasa, binti ndiye anayeishika, anaigeuza, na kueleza mwenyewe.